Uliza Ujibiwe: Mgeni anayeomba "unyoya wa mbwa" asubuhi anataka nini?

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa msemo mmoja tu wa Kiingereza, "hair of the dog", kwa kuwa barua zilizotufikia kutoka Moshi, Arusha na vitongoji vyake zimeuulizia kwa namna tofauti: wengine wanataka maana, wengine asili, na mmoja, ambaye barua yake imenigusa kuliko zote, anataka kujua kama ushauri uliomo ndani ya msemo huo ni wa kweli. Miezi ya Julai hadi Oktoba, wageni wanapojaa mlimani na mbugani, maneno ya aina hii husikika mezani na ndani ya magari karibu kila siku, na anayeishi kwa kuwahudumia wageni hao anastahili kuyaelewa vilivyo.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwongoza watalii, mkazi wa Pasua, Moshi. Nilishuka na wageni wawili Waingereza kupitia lango la Mweka, na jioni ile wakasherehekea hotelini hadi usiku wa manane. Asubuhi nilipokwenda kuwaaga niliwakuta mezani, mmoja ameshika kichwa, akimwambia mhudumu kwamba anahitaji "a hair of the dog". Mhudumu alidhani mgeni ameona unyoya wa mbwa kwenye chakula, akaomba radhi na kuiondoa sahani. Wageni walicheka, lakini hawakutueleza chochote. Alikuwa anataka nini, na mbwa anaingiaje hapo?

JIBU: Ndugu yangu, mgeni wako alikuwa anaomba pombe. Msemo huo humaanisha kinywaji cha kilevi, kwa kawaida kidogo, anachokunywa mtu asubuhi au mchana wa siku inayofuata baada ya kulewa, akitumaini kwamba kitamwondolea maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu alioamka nao. Msemo ukikamilika huwa "the hair of the dog that bit you", yaani unyoya wa mbwa yule yule aliyekuuma, lakini siku hizi wasemaji wengi huukatisha katikati kwa sababu kila anayeusikia anaijua sehemu iliyobaki. Mbwa ni pombe ya jana, jeraha ni hangova ya leo, na unyoya ni glasi moja ya kitu kile kile kilicholeta madhara.

Sisi tuna neno letu, kuzimua, na kwa mhudumu wa Moshi neno hilo lingetosha kumfafanulia kila kitu kwa mara moja. Kuzimua ni kupunguza ukali: mtu huzimua maji yaliyochemka kwa kuyatia ya baridi, na huzimua kinywaji kilichokolea kwa kukiongezea maji. Kutokana na maana hiyo wanywaji wakapata namna ya kuitaja bia ya asubuhi, au kata ya mbege inayonywewa kabla kazi za siku hazijaanza. Hata hivyo, uwanja wa neno letu ni mpana kuliko ule wa msemo wa Waingereza. Mtu wa Moshi akisema anakwenda kuzimua, huenda anakwenda kunywa supu ya kongoro yenye ndimu na pilipili, au bakuli la mtori wa moto, na asiguse kilevi kabisa. Mwingereza akitaja unyoya wa mbwa, supu haimo, kahawa haimo, wala maji hayamo. Lazima kiwe kilevi, kwa sababu msemo mzima umesimama juu ya wazo kwamba kilichouma ndicho kitakachoponya. Mhudumu angemletea supu nzuri kuliko zote mjini, mgeni angeshukuru kwa adabu na bado angeendelea kusubiri.

Ama kuhusu mbwa mwenyewe, msemo umetokana na tiba iliyotumiwa kweli na watu walioiamini. Kwa karne nyingi huko Ulaya, mtu aliyeumwa na mbwa, hasa mbwa aliyedhaniwa kuwa na kichaa, alitafutiwa manyoya ya mbwa huyo huyo ili yatumike kutibu jeraha. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 wakati volkano ya Vesuvius ilipolipuka, aliandika kwamba manyoya ya mkia wa mbwa aliyeuma yalichomwa na majivu yake kutiwa ndani ya jeraha. Wazo lililoizaa tiba hiyo si geni kwetu, kwani wahenga wetu nao walisema dawa ya moto ni moto, ingawa sijapata kusikia mtu akiitumia methali hiyo kama cheti cha daktari.

Tiba ya jeraha ikageuka kuwa lugha ya walevi muda mrefu uliopita. Mwaka 1546 Mwingereza John Heywood alichapisha mkusanyiko wa methali na misemo ya lugha yake, na ndani yake yumo mtu anayeomba apewe, yeye na mwenzake, unyoya wa mbwa aliyewauma jana usiku. Aliyewauma ni pombe, na hakuna haja ya kueleza zaidi. Mwaka 1611 Randle Cotgrave, mtunzi wa kamusi ya Kifaransa na Kiingereza, aliutaja tena kuwa ni msemo wa kawaida wa wanywaji wa nchi yake. Kwa hiyo mgeni wako alitumia maneno ambayo Waingereza wameyatumia kwa karibu miaka 500, na maana haijasogea hata kidogo.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba mbwa na hangova walikutana hata kabla ya Kiingereza kuzaliwa. Huko Ras Shamra, Syria, ulipokuwa mji wa kale wa Ugarit, kulifukuliwa kibao cha udongo chenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, ambacho kinasimulia jinsi mungu El alivyolewa karamuni hadi akaanguka, na mwishoni kinatoa dawa ya kupakwa kwenye paji la uso, ikiwa ni mchanganyiko wa manyoya ya mbwa, mmea fulani na mafuta ya zeituni. Hakuna ushahidi kwamba Waingereza walirithi msemo wao kutoka huko, na yeyote atakayekuambia hivyo anakwenda mbali kuliko kibao chenyewe kinavyoruhusu. Wahungaria, kwa upande wao, wana msemo unaofanana kabisa na huu, wa kutibu jeraha la kuumwa na mbwa kwa manyoya yake. Wajerumani huzungumzia bia ya kupinga, Wadenmark bia ya matengenezo, Wapolandi huita kinywaji hicho kabari, na Wajapani huita pombe ya kupokelea. Majirani zetu wa Kenya husema kutoa loki. Inaelekea kila jamii inayokunywa imelitungia jambo hili jina.

Katika matumizi, utausikia msemo huu zaidi na vitenzi vya kuhitaji, kutaka na kunywa, kama vile "I need a hair of the dog" au "have some hair of the dog", na mara nyingine mtu huuliza kwa kifupi tu, "Hair of the dog?", huku akinyanyua chupa. Maneno yenyewe hayabadiliki: hakuna anayesema manyoya kwa wingi, wala mbwa kwa wingi, hata kama wanaokunywa ni kumi na walikunywa vinywaji vya aina kumi. Ni msemo wa marafiki, wa mezani, wenye utani, na hauna tusi lolote. Nalisema hili kwa sababu kwetu kumtaja mbwa karibu na jina la mtu ni kumdhalilisha, ilhali katika msemo huu mbwa hamgusi mtu yeyote. Wachache huutumia hata nje ya pombe, kwa mfano mgeni aliyekakamaa mapaja baada ya kuteremka mlima anapoamua kutembea tena kidogo kesho yake ili miguu ilegee.

SWALI: Ndugu mhariri, nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari huko Marangu. Tulipofika kwenye msemo huu, mwanafunzi mmoja aliuliza kama manyoya ya mbwa yanamsaidia kweli mtu aliyeumwa. Nilimjibu kwamba hayasaidii, lakini ningependa jibu kamili la kuwasomea wanafunzi darasani.

JIBU: Mwalimu, ulimjibu sawasawa, na nakuomba uwasomee sehemu hii polepole, kwa sababu hapa tunazungumzia uhai.

Manyoya hayasaidii kabisa, na yakitiwa kwenye jeraha yanaweza kuliongezea uchafu. Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa, vikaingia mwilini kupitia jeraha, kisha vikasafiri taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache, na ndiyo fursa ya kumwokoa mtu. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Mbwa ndio wanaosababisha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu. Mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa ngozi ikachubuka, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo ili daktari aamue kuhusu chanjo, ambayo hutolewa kwa zaidi ya sindano moja na lazima imalizwe. Chanjo ya kwanza ya aina hiyo ilitolewa tarehe 6 Julai 1885 huko Paris, Louis Pasteur alipoitumia kwa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa, na mtoto huyo akapona. Mbwa wa nyumbani nao wachanjwe, kwani pale ambapo asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Wanafunzi wako wanaweza kuuliza, na watakuwa na haki, kwa nini basi watu wenye akili waliamini manyoya kwa karne nyingi. Sababu ni kwamba mbwa wengi wanaouma hawana kichaa, na hata miongoni mwa wanaoumwa na mbwa mwenye kichaa si kila mmoja huugua. Aliyeumwa na mbwa mzima akawekewa manyoya, jeraha likapona, na manyoya yakapewa sifa ambayo haikuwa yao. Ifundishe hoja hii kwa uzito, Mwalimu, kwa sababu hiyo hiyo inaeleza kwa nini pombe ya asubuhi nayo imeaminiwa muda mrefu: hangova huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya saa 24, na chochote alichokinywa mtu katika saa hizo hupewa sifa ya kumponya.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mhudumu wa baa katika hoteli moja Njiro, Arusha. Mgeni akiniomba "hair of the dog" bila kutaja kinywaji, nimpelekee nini? Na je, naweza kuutumia msemo huu mimi mwenyewe ninapowasalimia wageni asubuhi?

JIBU: Marahaba. Usimpelekee kitu kabla ya kumuuliza. Msemo hautaji kinywaji maalumu. Kwa asili yake unadai kile kile alichokunywa mtu usiku, lakini wengi hawaufuati kwa ukali huo, na mgeni aliyekunywa mvinyo jana anaweza kutaka bia leo. Kinywaji kinachohusishwa sana na saa hizo ni Bloody Mary, yaani vodka na juisi ya nyanya iliyotiwa chumvi, pilipili na ndimu, kwa hiyo si vibaya kukitaja mgeni anaposita. Mletee pia maji bila kuombwa. Hakuna mgeni aliyewahi kuchukizwa na glasi ya maji asubuhi.

Kuhusu kuutumia wewe mwenyewe, nakushauri usiutangulie. Anayemwambia mwenzake maneno hayo anamwambia vilevile kwamba aliona alivyolewa, na jambo hilo rafiki humwambia rafiki, lakini mhudumu akimwambia mgeni mbele ya mkewe au wakwe zake linakuwa jambo jingine. Mgeni akiusema kwanza, tabasamu, onyesha kwamba umeelewa, uliza anachotaka, ukilete. Kuelewa kwako kutampendeza kuliko kuurudia msemo wake.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa Usa River. Mwanangu ni dereva wa watalii. Tangu mwaka jana, siku akiamka baada ya kunywa, anaanza na bia au pombe kali kidogo, na sasa anafanya hivyo hata siku ambazo usiku wake hakunywa sana. Nikimsema ananijibu kwamba ni dawa inayojulikana duniani, kwamba hata Wazungu anaowaendesha wana jina lake, unyoya wa mbwa. Akiikosa, mikono humtetemeka hadi karibu na adhuhuri. Je, ni dawa kweli? Nifanye nini?

JIBU: Mama, shikamoo. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nitaijibu kwa urefu kwa sababu inastahili.

Si dawa. Jambo kuwa na jina katika lugha nyingi kunathibitisha tu kwamba watu wengi hulifanya. Lakini mwanao hasemi uongo anapokuambia kwamba akinywa anapata nafuu, na ukimkatalia nafuu hiyo hatakusikiliza tena, kwa hiyo ni vyema ujue inatoka wapi.

Hangova haiji mtu anapokuwa amelewa; huanza kadiri kilevi kinavyopungua katika damu, na hufika kileleni kilevi kinapokaribia kwisha. Katika saa hizo mwili una kiu kwa sababu pombe huizuia homoni inayopunguza mkojo, tumbo limechubuliwa, usingizi wa usiku haukuwa usingizi kamili, na ini bado linashughulika na asetaldehidi, sumu inayopatikana kilevi kinapovunjwavunjwa. Ukimimina pombe mpya wakati huo, unakirudisha kilevi kwenye damu, maumivu yanapumbazwa, na saa ya kuumia inasogezwa mbele. Wataalamu wengine wanaongeza maelezo mengine: vinywaji vingi vina chembechembe za methanoli, ambayo mwili huigeuza kuwa sumu, na kilevi cha kawaida hugombania kimeng'enya kile kile kinachofanya kazi hiyo, hivyo kwa muda huichelewesha sumu hiyo isijitokeze. Hospitalini, mtu aliyekunywa methanoli nyingi anaweza kutibiwa kwa kilevi cha kawaida kwa sababu hii hii, lakini chini ya daktari, kwa vipimo, na kwa hatari tofauti kabisa na hangova. Kwa maelezo yoyote utakayoyachukua, matokeo ni kucheleweshwa. Deni ni lile lile, na limeongezeka.

Kwa kuwa mwanao ni dereva, namwomba aifanye hesabu hii mwenyewe. Chupa moja ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi, na ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Mtu aliyekunywa chupa sita kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku ameingiza gramu 120, na hata tukikisia gramu 8 kwa saa, mwili wake unahitaji saa 15 kuzimaliza. Atakuwa safi saa 3 asubuhi, ilhali wageni wa Tarangire au Ngorongoro huchukuliwa hotelini saa 1 au saa 2. Ameshika usukani akiwa bado na pombe ya jana ndani yake, hata kama amelala, ameoga na amekunywa chai. Akiongeza chupa moja ya kuzimua, anaongeza saa mbili na zaidi juu ya hizo. Kahawa haiharakishi kazi ya ini, maji ya baridi hayaiharakishi, wala jasho haliiharakishi. Familia zinazoketi nyuma yake katika kona za mteremko wa Ngorongoro zimemkabidhi maisha yao.

Sasa nakuja kwenye lililonishtua katika barua yako, nalo si bia ya asubuhi peke yake. Waingereza na Wamarekani wana msemo mwingine wa kinywaji cha asubuhi, "eye-opener", yaani kifungua macho, na madaktari wameuchukua msemo huo kwa uzito mkubwa. Mwaka 1984 daktari wa Marekani, John Ewing, alichapisha maswali manne mafupi ya kumtambua mtu ambaye pombe imeanza kumtawala: je, umewahi kuona kwamba unapaswa kupunguza kunywa, je, watu wamekuudhi kwa kukusema kuhusu pombe, je, umewahi kujisikia vibaya au kuona hatia kwa sababu ya kunywa kwako, na je, umewahi kunywa mara tu unapoamka ili kutuliza mwili au kuondoa hangova. Majibu mawili ya ndiyo humpa daktari sababu ya kuchunguza zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika maswali yake ya kupima unywaji, linauliza kuhusu kinywaji cha asubuhi. Wageni wanaotaja unyoya wa mbwa kwa kicheko siku moja baada ya kushuka mlima wanasema utani; mtu anayeuhitaji kila asubuhi hayumo tena ndani ya utani huo.

Mikono inayotetemeka hadi adhuhuri, na kutulia akinywa, hasa siku ambazo usiku wake hakunywa sana, inaelekea kwamba si hangova. Ni dalili kwamba mwili umezoea pombe kiasi cha kuidai, hali ambayo vijana, wanapozungumzia dawa za kulevya, huiita arosto. Ndiyo maana, mama, nakuomba usimfungie ndani wala usimlazimishe kuacha siku moja kwa ghafla. Kwa mtu aliyefikia hatua hiyo, kuacha ghafla bila uangalizi kunaweza kuleta degedege katika siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa kukali, kutokwa jasho na homa, hali inayoweza kuua. Mpeleke hospitali, semeni wazi kwamba ni pombe na kwamba anatetemeka asipokunywa, na mwacheni daktari apange jinsi ya kumpunguzia kwa usalama, kwa dawa na kwa vitamini ambazo pombe humnyima mtu. Baada ya hapo zipo nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi, na wapo washauri nasaha wanaoendelea naye. Mwambie pia asimeze paracetamol nyingi kwa ajili ya kichwa, kwa sababu ini lake tayari lina mzigo, na dawa kama aspirini huzidi kulichubua tumbo.

Namna ya kumwambia ni muhimu. Usianze na aibu, wala na majirani, wala na kazi yake. Anza na mikono yake, ambayo yeye mwenyewe anaiona kila asubuhi, na mwambie kwamba utakwenda naye. Wengi huenda hospitali wanapopata wa kuongozana naye, na mama ana haki ya kuwa mtu huyo hata kama mwana ana miaka 40.

SWALI: Mhariri, natafsiri tamthilia kwa ajili ya kituo kimoja cha Arusha. Msemo huu ukitokea, niandike nini? Nikiandika "unyoya wa mbwa", watazamaji wataelewa?

JIBU: Hawataelewa, isipokuwa wale waliosoma safu hii. Mhusika akiomba kinywaji asubuhi, andika tu kwamba anataka kuzimua, au "nipe ya kuzimulia", na mtazamaji wa Tanzania ataelewa papo hapo. Lakini kwa kuwa neno hilo hukubali hata supu, hakikisha picha inaonyesha glasi au ongeza neno bia. Kwa watazamaji wa Kenya, kutoa loki kutafaa zaidi. Ugumu huja pale ambapo mazungumzo yanaendelea kumcheza mbwa huyo, kwa mfano mwingine akiuliza mbwa alikuwa mkubwa kiasi gani na wa kwanza akajibu kwamba walikuwa sita. Hapo kuzimua hakutoshi, na ningekushauri umlete mbwa mwenyewe tangu sentensi ya kwanza, ukiandika "mbwa wa jana ameniuma vibaya, nipe unyoya wake nizimue", ili neno la mwisho limweleze mtazamaji kinachotakiwa na mbwa aliyetangulia awepo kwa ajili ya maneno yatakayofuata.